Marathoni ya vilimani: mbio ndogo, maandalizi makubwa

Ukisimama kituoni Otonglo alfajiri, kabla makanga hawajaanza kuita abiria wa Maseno na Busia, utaona wakimbiaji wawili watatu wakivuka barabara kuu na kuiacha lami. Wanashika vijia vya upande wa kaskazini, ambako ardhi inainuka kutoka uwanda wa ziwa kuelekea Dago na Riat. Wengi wao si wanariadha wa kulipwa. Ni walimu, wahudumu wa bodaboda, vijana waliomaliza shule, na mama mmoja mmoja anayetaka kupunguza presha. Kila wanapokutana, swali linarudi lile lile: kwa nini tusiandae marathoni yetu wenyewe, humu humu vijiani, badala ya kupanda gari kwenda mbali?

Ni wazo zuri, na vikundi vingi vya vijana katika kaunti vinaliwaza. Lakini marathoni ya vilimani haiandaliwi kama mechi ya soka ya kijiji. Uwanjani mchezaji akianguka kila mtu anamwona. Kijiani mkimbiaji akianguka nyuma ya jiwe, anaweza kulala hapo saa nzima bila mtu kujua. Makala haya yanaeleza mbio za aina hii ni nini, zinapangwaje, na mambo gani yanayookoa maisha. Yasome kabla ya kuchapisha bango la kwanza.

Mbio za vijia ni nini hasa

Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulikimbiwa katika Olimpiki ya London ya 1908, kisha ukafanywa kuwa kipimo rasmi mwaka 1921. Marathoni za barabarani hutafuta njia tambarare. Eliud Kipchoge alipokimbia kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, barabara ya bustani ya Prater ilichaguliwa kwa sababu haikuwa na mlima wa maana.

Mbio za vijia ni kinyume chake. Zinapita njia za miguu, njia za ng'ombe, misitu, mawe na vijito. Mlima ndio mchezo wenyewe. Hakuna rekodi ya dunia inayowekwa huko, kwa sababu hakuna njia mbili zinazofanana. Mshindi wa leo hashindani na saa ya mtu wa Chicago. Anashindana na njia iliyo mbele yake.

Kenya si wageni katika mchezo huu. Patrick Kipngeno alishinda mbio za kupanda mlima katika mashindano ya dunia kule Chiang Mai, Thailand, mwaka 2022, na akashinda tena Innsbruck, Austria, mwaka 2023. Hapa nyumbani, marathoni ya Lewa, kwenye nyanda za kaskazini ya Mlima Kenya, imekuwa ikikimbiwa tangu mwaka 2000 kwenye njia za udongo ndani ya hifadhi ya wanyamapori. Wakimbiaji wa marathoni kamili huzunguka njia ya kilomita 21 mara mbili, huku askari wa wanyamapori na ndege wakichunga tembo na vifaru wasikutane na watu.

Mbio ndogo nazo zina heshima yake. Kule Tennessee, Marekani, kuna mbio za msituni ziitwazo Barkley, zilizoanza mwaka 1986. Hupokea watu wapatao 40 tu kwa mwaka, na miaka mingi hakuna hata mmoja anayemaliza. Hawatumii mitambo ya bei kuhakikisha mtu amepita njia yote. Wanaficha vitabu msituni, na kila mkimbiaji hurarua ukurasa wenye nambari yake kama ushahidi. Mwaka 2024, Jasmin Paris kutoka Uingereza akawa mwanamke wa kwanza kumaliza, zikiwa zimebaki sekunde 99 kabla ya muda wa saa 60 kwisha. Funzo kwetu ni kwamba mbio ndogo si mbio duni. Kinachohitajika ni uangalifu kuliko pesa.

Kilomita ya mlimani si kilomita ya barabarani

Kosa la kwanza la waandalizi wapya ni kudhani kwamba anayekimbia marathoni ya barabarani kwa saa nne atatumia saa nne vilimani. Wanaopima mbio za vijia duniani hutumia hesabu rahisi: chukua urefu wa njia kwa kilomita, kisha ongeza kilomita moja kwa kila mita 100 za kupanda. Jumla hiyo ndiyo kazi halisi ya mwili.

Tuchukue mfano. Kikundi kimechora mzunguko wa kilomita 10 na nusu wenye jumla ya mita 300 za kupanda. Ukizungukwa mara nne unapata kilomita 42 na mita 1,200 za kupanda, na mita 195 zilizobaki zinawekwa mwanzoni. Kwa hesabu ile, kazi yake ni kama ya kilomita 54. Na hapo hujahesabu mawe, matope wala mteremko unaobana magoti.

Kwa anayetembea kuna kanuni ya zamani zaidi, iliyotolewa na mpanda milima wa Scotland, William Naismith, mwaka 1892. Kwa vipimo vya leo ni karibu saa moja kwa kila kilomita tano, pamoja na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ya mfano ingemchukua mtembea kwa miguu zaidi ya saa kumi. Kwa hiyo mtu akiishiwa nguvu na kuanza kutembea, jua linaweza kumzamia njiani. Ndiyo maana kila mbio za vijia lazima ziwe na muda wa mwisho, na muda huo utangazwe kabla ya watu kujiandikisha.

Yaliyotokea Gansu

Tarehe 22 Mei 2021, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 za milimani katika mkoa wa Gansu, China. Asubuhi hali ya hewa ilikuwa ya kuvumilika, na wengi walivaa fulana na kaptura. Kufikia mchana, wakiwa sehemu ya juu kabisa ya njia, upepo mkali ulivuma, mvua ya baridi na mawe ikanyesha, na joto likashuka ghafla. Watu 21 walifariki, wakiwemo baadhi ya wanariadha bora wa China wa masafa marefu. Mchunga kondoo mmoja, Zhu Keming, aliyekuwa amejikinga pangoni, aliwasha moto na kuwaokoa sita.

Uchunguzi uliofuata haukulaumu hewa peke yake. Sehemu ngumu kuliko zote, yenye mlima mrefu, ndiyo iliyokuwa na msaada mchache: magari hayakuweza kufika huko, wala hapakuwa na chakula na maji ya kutosha juu. Koti la kujikinga na upepo halikuwa sharti. Maafisa wa serikali za mitaa waliohusika waliadhibiwa, na mbio za aina hiyo zikasimamishwa nchini humo.

Sisi hatuna baridi ya Gansu. Tuna joto, radi na mvua ya ghafla ya alasiri. Lakini kosa linaweza kuwa lile lile: kuweka turubai, spika na wageni waheshimiwa chini barabarani, huku juu kilimani, mahali mkimbiaji anapochoka, hakuna mtu. Kanuni ya kwanza kwa kila mwandalizi iwe hii: msaada uwe mwingi mahali njia ilipo ngumu.

Chora njia kama ua

Kwa mbio ndogo, njia bora ni ile inayorudi nyumbani mara kwa mara. Badala ya mstari mmoja mrefu, tumia mzunguko mfupi unaorudiwa, au mizunguko miwili inayokutana katikati kama petali za ua. Faida zake ni nyingi. Ambulensi moja, kituo kikuu kimoja cha maji na meza moja ya daftari vinawahudumia watu wote. Anayechoka anaweza kuacha baada ya mzunguko wa pili akiwa karibu na viatu vyake vya kurudia nyumbani. Mzunguko mmoja uwe mbio za kilomita 10, miwili iwe nusu marathoni, na minne marathoni kamili.

Mambo mengine ya kuangalia unapochora:

Anza mahali papana. Kijia cha mlimani hupitisha mtu mmoja kwa wakati. Watu 100 wakiingia kijiani pamoja watasukumana na kuangushana. Acha kilomita moja au mbili za barabara ya udongo mwanzoni ili wenye kasi watangulie.

Njia iende upande mmoja tu. Usiwakutanishe wanaopanda na wanaoteremka kwenye kijia chembamba.

Epuka mabwawa na vijito vyenye maji yaliyotuama. Ukanda wa ziwa una konokono wanaobeba kichocho, na kuingia majini kwa dakika chache kunatosha kukipata.

Usikatishe ndani ya boma la mtu. Kwetu boma si uchochoro. Kuna makaburi ya wazee, kuna mifugo, kuna heshima. Ikiwa kijia kinapita kando ya shamba, zungumza na mwenye shamba ana kwa ana, na makubaliano yaandikwe mbele ya mzee wa kijiji. Ahadi ya fidia ya mahindi yaliyokanyagwa iwe kwenye karatasi, si mdomoni.

Tembeeni njia yote, kisha mwipime. Simu yenye setilaiti hukosea chini ya miti mizito na kando ya miamba, hivyo pimeni mara kadhaa kwa simu tofauti na mchukue wastani. Mkiwaambia watu ni kilomita 42 nayo ni 45, mtu aliyebeba maji ya saa sita atakauka saa ya saba.

Siku gani, saa ngapi

Kalenda yetu ina mitego. Mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari huwa na ukavu zaidi, lakini joto lake ni kali. Jumamosi ni siku ya mazishi katika vijiji vingi, na pia ni Sabato kwa Waadventista. Jumapili ni siku ya kanisa kwa wengine. Kabla ya kutangaza tarehe, muulize chifu kama kuna matanga kando ya njia. Hakuna jambo linaloharibu jina la mbio kama spika za mshindi kulia jirani na jeneza.

Saa ni muhimu kuliko siku. Kando ya Ziwa Victoria, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, unapanda miinuko, na mawingu ya radi hujengeka alasiri. Eneo la ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana nao joto la Kisumu hukaribia nyuzi 30. Kwa hiyo anzeni mara tu kunapopambazuka vizuri, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na njia ifungwe saa saba mchana. Hizo ni saa sita na nusu.

Katika njia yetu ya mfano, muda huo unamfaa mtu anayemaliza marathoni ya barabarani kwa saa tano au chini yake. Waambieni hivyo wazi kwenye fomu. Na wekeni kizuizi cha katikati: ambaye hajamaliza mizunguko miwili kufikia saa tatu na nusu asubuhi asimamishwe hapo, apewe cheti cha nusu marathoni, apigiwe makofi. Kumsimamisha mtu mapema ni huduma, si adhabu.

Ruhusa na nani anahusika

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti majukumu ya michezo, bustani na maeneo ya burudani, huduma za ambulensi, zimamoto na kukabiliana na majanga. Hivyo mlango wa kwanza wa kugonga ni ofisi ya msimamizi wa wadi yako. Kutoka hapo, kikundi kitahitaji kuzungumza na:

Chifu na wazee wa kijiji, kwa habari za ardhi, mazishi na usalama.

Kituo cha polisi, mapema na kwa barua. Barabara ya Kisumu kwenda Busia ni barabara kuu ya kitaifa yenye malori ya masafa marefu. Ikiwa njia yenu inaivuka, hata mara moja, lazima polisi wa trafiki wawepo. Afadhali zaidi ni kuchora njia isiyoivuka.

Chama cha riadha, kwa ushauri wa waamuzi na ili mbio zenu zisigongane na mashindano mengine.

Idara ya afya ya kaunti, na hospitali iliyo karibu. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ijue siku na saa, isije ikashtukizwa na majeruhi.

Mkitaka kukimbia ndani ya msitu wa serikali, ombeni ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu na mzungumze na chama cha jamii kinachotunza msitu huo. Msitu wa Kakamega, ulio jirani yetu, una sehemu mbili: ya kusini, upande wa Isecheno, iko chini ya shirika la misitu, ya kaskazini, upande wa Buyangu, ni hifadhi inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kuwa na barua ya mmoja si kuwa na ruhusa ya mwingine.

Kumbukeni pia kwamba fomu ya kujiandikisha inauliza habari za afya: pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazilinda habari hizo. Zisomwe na mhudumu wa afya tu, na zisitumwe kwenye kundi la simu la waandalizi.

Alama na daftari

Mkimbiaji aliyechoka hafikirii sawasawa. Alama ziwe kwa ajili yake. Fungeni vitambaa vya rangi kali kwenye matawi, kwa urefu wa macho. Kabla ya kila njia panda wekeni vitambaa vitatu mfululizo, na baada yake kimoja cha kumhakikishia kwamba hajapotea. Njia isiyo yenu ifungeni kwa mstari wa chokaa au unga. Msipige misumari kwenye miti wala kupaka rangi miamba. Alama ziwekwe jioni ya kuamkia siku ya mbio na zikaguliwe alfajiri, kwa sababu mbuzi hula vitambaa na watoto huvipenda. Anayekuja nyuma ya mkimbiaji wa mwisho ndiye atakayevikusanya.

Huyo wa mwisho ana kazi kubwa kuliko mshindi. Awe mtu mtulivu, anayeijua njia, mwenye simu yenye chaji na filimbi. Asimpite mtu yeyote. Mpaka yeye afike, njia haijafungwa.

Kisha daftari. Kila kituo kiwe na karani anayeandika nambari ya kila anayepita na saa. Anayeacha mbio lazima atoe nambari yake kwa karani, hata kama nyumbani kwake ni hatua kumi kutoka hapo. Mwisho wa siku, hesabu ya walioanza iwe sawa na ya waliomaliza pamoja na walioacha. Ikipungua mtu mmoja, hakuna kugawa zawadi, hakuna kuzima jenereta. Watu warudi njiani kumtafuta.

Na kabla ya yote, tembeeni njia mkiwa na simu za mitandao tofauti. Andikeni mahali ambapo mtandao haushiki. Hapo wekeni mtu mwenye pikipiki atakayepeleka ujumbe hadi kilele kilicho karibu.

Maji, chumvi na joto

Hesabu ya maji ni rahisi. Nusu lita kwa kila mtu kwa saa ni mwanzo mzuri. Watu 100 kwa saa sita na nusu ni lita 325, yaani mitungi 17 ya lita 20. Ongezeni mitungi kumi ya kumwagia watu kichwani na kunawa mikono. Maji yawe yametiwa dawa. Kaunti yetu inaijua kipindupindu vizuri. Mtu asichovye kikombe mtungini; maji yamiminwe na mhudumu aliyenawa.

Lakini maji mengi kupita kiasi pia ni hatari. Katika utafiti uliofanywa kwenye Marathoni ya Boston ya 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu walikuwa na chumvi pungufu mwilini, hasa kwa sababu ya kunywa kupita mahitaji yao. Mtu wa namna hiyo huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na anaweza kufa. Ushauri ni mmoja: kunywa unapohisi kiu. Vituoni pawe na vyakula vyenye chumvi na nguvu, kama viazi vitamu vilivyochemshwa na kunyunyiziwa chumvi, ndizi, na njugu.

Joto nalo si la kudharau eti tumelizoea. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika Mombasa, Machi 2007, joto na unyevu viliwashinda wanariadha wengi wa kimataifa, na hata bingwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia aliacha njiani. Ukimwona mkimbiaji anayumba, anaongea maneno yasiyoeleweka, au anakasirika bila sababu huku ngozi yake ikiwaka moto, huyo ana kiharusi cha joto. Kanuni ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Mlazeni kwenye turubai, watu wanne washike kingo, mwageni maji na barafu ndani, mkimtikisa polepole. Barafu si lazima itoke mbali. Wauza samaki wetu wanayo. Kila dakika anayokaa na joto la zaidi ya nyuzi 40 ni hatari kwa ubongo na maini yake.

Radi, nyoka na kuanguka

Mweko wa radi ukionekana, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, mbio zisimame. Watu waingie ndani ya nyumba yenye kuta au gari lililofungwa. Hema, kibanda cha mabati kisicho na kuta na mti ulio peke yake si kimbilio. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Uamuzi wa kusimamisha uwe wa mtu mmoja aliyetajwa mapema, na asiwe mfadhili wala mgeni wa heshima.

Mtu akiumwa na nyoka, asikatwe wembe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba ya kubana. Avuliwe pete na saa, mguu utulizwe usisogee, abebwe hadi barabarani na apelekwe hospitali mara moja. Vijia vikipitiwa na watu asubuhi kabla ya mbio, nyoka wengi huondoka wenyewe.

Bodaboda ni rafiki wa mbio za vijia, maana inafika ambapo ambulensi haifiki. Ipeleke maji, ujumbe na mhudumu wa afya. Lakini aliyeanguka na kuumia shingo au mgongo asipakiwe kwenye pikipiki. Huyo anabebwa kwa machela, na ndiyo sababu kila sehemu ngumu inahitaji vijana wanne wenye nguvu waliofundishwa na watu wa huduma ya kwanza.

Kilima ni cha watu wote

Tangu Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika misitu, mbuga, fuo na maeneo ya hifadhi nchini Kenya. Chupa za maji za dukani haziruhusiwi huko. Mkimbiaji abebe chupa yake ya kujaza tena na kikombe chake. Hata nje ya msitu wa serikali, ni desturi nzuri kuufuata utaratibu huo, kwa sababu chupa inayotupwa kilimani husombwa na mvua hadi ziwani.

Njia ikikatwa mkato na miguu mia mbili, mvua inayofuata huigeuza kuwa mtaro, na udongo wa mwenye shamba huteremka nao. Wekeni walinzi kwenye kona ili mtu asikate mkato. Mvua kubwa ikinyesha usiku wa kuamkia mbio, ahirisheni au hamieni barabara ya udongo. Siku ya pili rudini na majembe mkarekebishe palipoharibika. Mwenye shamba atakayewaona mkirudi ndiye atakayewakaribisha mwakani.

Pesa zitangulie wapi

Wazee wanajua kwamba otonglo ni jina la sarafu ya zamani ya senti kumi. Hata mbio zenye otonglo chache zinaweza kuwa salama, mradi mpangilio wa matumizi uwe sahihi. Kwanza lipeni huduma ya kwanza na usafiri wa majeruhi. Pili, maji. Tatu, posho ya makarani na walinzi wa njia. Nne, fidia ya mashamba. Zawadi na fulana zije mwisho. Mbio nyingi hugeuza orodha hii juu chini. Ada ilipwe kwenye akaunti ya kikundi kilichosajiliwa, si kwenye simu ya mtu binafsi, na hesabu isomwe mbele ya wanachama baada ya mbio.

Kwa wewe unayetaka kukimbia

Usianze na kilomita 42. Kimbia 10 vijiani, kisha 21, ndipo uamue. Chini ya miaka 18, marathoni kamili isubiri. Jifunze kutembea milima mikali. Hata mabingwa hutembea. Fanya mazoezi ya kuteremka pia, maana mteremko ndio unaoumiza mapaja. Viatu viwe na meno chini. Beba chupa, filimbi, simu, na jina la mtu wa kupigiwa. Na kabla hujalipa, waulize waandalizi maswali matatu: nani yuko juu kilimani, nani anahesabu watu, na nani anaweza kusimamisha mbio? Wasipokuwa na majibu, baki na pesa zako.

Vikundi vyenye mpango wa mbio za namna hii vinakaribishwa katika ofisi ya msimamizi wa wadi vikiwa na mchoro wa njia, tarehe mbili za kuchagua na orodha ya watu watakaokuwa katika kila kituo. Njooni miezi kadhaa kabla, si wiki moja kabla. Vilima vya Otonglo viko hapo, havikimbii.